Jinsi ya kuseti taa za mbele za gari ili uone vizuri usiku bila kumpofusha anayekuja

Gari ikiwa haioni usiku watu wengi wanakimbilia dukani kununua balbu. Wanafunga LED nyeupe, siku za mwanzo wanafurahi, halafu wanaanza tena kulalamika kwamba mbali hakuonekani na kila anayekuja mbele anawapiga fulu. Mimi nasema anza kwanza na pale taa inapoangalia. Taa ya balbu ya kawaida kabisa, ile ya mwanga wa unjano, ikiwa safi, ikipata umeme wa kutosha na ikiwa imesetiwa inapotakiwa, inakuonyesha barabara vizuri kuliko LED kali inayoangalia juu ya miti. Na kuseti hakuhitaji mashine, unahitaji ukuta, tepu, futi ya kupimia, bisibisi na muda wako wa jioni moja.

Hili jambo kwangu sio la urembo. Toka 2023 mabasi Tanzania yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, barabara zetu za njia mbili zina magari makubwa usiku kucha, na ukikutana na msururu wa watu taa zao zimepanda juu, kwa sekunde kadhaa unaendesha kwa kubahatisha tu. Na pembeni hapo hapo kuna mtu anatembea na nguo nyeusi, kuna baiskeli haina hata rifleta, kuna lori limeharibika limewekewa matawi ya miti nyuma badala ya pembetatu. Taa yako ndo inatakiwa ikuonyeshe haya mapema.

Kwanza elewa hesabu moja ndogo, ukishaielewa hii kazi nzima inakuwa rahisi. Taa ya dimu, yaani ile ya chini unayotumia ukikutana na mwenzio (fulu ndo ile ya mbali), haitakiwi kuangalia mbele moja kwa moja, inatakiwa ishuke kidogo, na kipimo kinachotumika kwenye gari nyingi ndogo ni asilimia 1, yaani kila mita moja mbele ya gari mwanga unashuka sentimita 1. Kwahiyo taa ikiwa iko sentimita 65 kutoka chini, mwanga wake utagusa lami mita 65 mbele. Ikiwa imeshuka asilimia 2, mwanga unagusa lami kwenye mita 32 tu, na hapo ndo unasikia mtu anasema gari yake kipofu wakati balbu zake ni nzima kabisa. Ikiwa imepanda, tuseme asilimia 1 kwenda juu, basi umbali wa mita 50 mwanga uko sentimita 115 kutoka chini, hapo ndo macho ya dereva wa gari ndogo yalipo. Unammulika machoni, na wewe mwenyewe lami hauioni, kwasababu mwanga umeenda hewani. Taa iliyopanda haina faida kwa mtu yeyote, hata kwa mwenye gari.

Sasa linganisha na mwendo. Ukiwa 80 kwa saa gari inakula mita 22 kila sekunde, na mwongozo wa madereva wa Uingereza unahesabu kwamba kwenye mwendo huo (maili 50 kwa saa) gari ndogo inahitaji mita 53 mpaka isimame, hapo lami ni kavu na breki nzima. Kwahiyo dimu inayofika mita 32 kwa mwendo wa 80 maana yake ukikiona kitu umeshachelewa.

Kabla hujagusa skrubu yoyote, angalia taa yenyewe

Hii hatua mafundi wengi wanairuka na ndo maana gari inasetiwa leo, kesho malalamiko yale yale.

Angalia kioo cha taa kwa nje. Gari zetu nyingi ni used kutoka Japani, zina umri mkubwa na kioo cha taa sio kioo kweli, ni plastiki ngumu, jua likiipiga miaka inakuwa ya njano na ukungu. Huo ukungu una hasara mbili, unazuia mwanga kutoka, na ule unaotoka unatawanyika hovyo kwenda juu na pembeni, kwahiyo unaona vibaya halafu bado unasumbua wenzio. Ukiseti taa yenye ukungu hutauona hata mstari wa kuseti, ukutani utaona doa tu.

Ukungu unatolewa kwa msasa wa maji. Zungushia tepu ya rangi kwenye bodi kuzunguka taa ili usichune rangi, anza na msasa namba 800, kisha 1500, kisha 2000 na ukipata 3000 malizia nao, muda wote unamwagia maji na unasugua kwa mwelekeo mmoja, ukibadilisha namba unabadilisha mwelekeo ili ujue mikwaruzo ya mwanzo imeisha. Halafu polishi. Ukiishia hapo itang'aa lakini baada ya miezi itarudi ilivyokuwa, maana ile ngozi ya juu iliyokuwa inaikinga na jua umeitoa, inabidi ipigwe kilia mpya, ile rangi ya juu isiyo na rangi, yenye kinga ya jua, fundi rangi anayo, mwambie akupulizie hapo hapo ukishasafisha kwa spiriti. Kama unapuliza mwenyewe fanyia nje na uvae maski ya kupulizia rangi maana hiyo kemikali sio ya kuvuta. Dawa ya meno inayosifiwa sana inafanya kazi kama polishi laini tu, inang'arisha siku chache basi.

Kama ukungu uko kwa ndani au kuna maji yanacheza mule, angalia nyuma ya taa. Kuna raba nyeusi inayofunika balbu, na mara nyingi fundi akibadilisha balbu ile raba anaisahau au anaitupa. Bila raba vumbi na maji vinaingia, kile kibakuli kinachong'aa mule ndani kinababuka, na kikishababuka hakuna balbu itakayokusaidia, tafuta taa nyingine.

Shika taa itikise. Ikiwa inacheza, masikio ya plastiki yanayoifunga kwenye bodi yamevunjika, mara nyingi gari iliwahi kugonga kidogo mbele. Rekebisha hilo kwanza, taa inayocheza hata ukiiseti vizuri namna gani ikipita matuta mawili imehama.

Halafu balbu yenyewe. Hiace nyingi, Probox, Land Cruiser zile za taa za duara, zinatumia H4, balbu moja yenye dimu na fulu pamoja, wati 55 dimu na 60 fulu. H4 ina masikio matatu ya bati, lile pana linakaa juu. Ikikaa upande au isipobanwa vizuri na ile waya ya kubania, mwanga unaharibika umbo na hakuna skrubu itakayolinyoosha. Itoe, irudishe, hakikisha imelala vizuri kwenye kiti chake. Usishike kioo cha balbu kwa vidole, mafuta ya mkono yakiunguzwa pale yanaiua mapema, tumia kitambaa kisafi, na kama umeshaishika ifute kwa spiriti. Badilisha zote mbili kwa pamoja, balbu iliyozeeka hata kama inawaka mwanga wake umeshapungua.

Umeme unaofika kwenye balbu

Hapa ndo siri ya gari nyingi kukuu. Balbu hizi za kawaida zina tabia mbaya, volti zikipungua asilimia 10 mwanga haupungui asilimia 10, unapungua karibu asilimia 30. Kwahiyo waya iliyochoka au ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) yenye kutu inakuibia theluthi ya mwanga na wewe unalaumu balbu.

Pima hivi. Washa injini, washa taa za dimu, weka testa kwenye vichwa vya betri, unatakiwa uone kama volti 13.8 mpaka 14.4. Kisha pima nyuma ya balbu, kwenye pini za soketi huku taa ikiwa inawaka. Ikiwa tofauti ni nusu volti au chini yake, sawa. Ukikuta betri ina 14 na balbu inapata 12, kuna sehemu umeme unapotea. Anza na ethi, ule waya mweusi au mweupe unaofungwa kwenye bodi karibu na taa, fungua, piga msasa mpaka bati ling'ae, funga tena. Angalia soketi kama imeungua au kubadilika rangi. Ikishindikana mwambie fundi umeme akufungie rilei, yaani umeme wa taa utoke moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi, swichi ya ndani ibaki na kazi ya kuamrisha tu. Kwa gari za zamani hii kazi inabadilisha taa kuliko balbu yoyote utakayouziwa.

Na tafadhali usifunge balbu za wati 100/90 kwenye waya za kawaida, zinayeyusha soketi na zinaunguza kile kibakuli.

Andaa gari

Pima upepo wa tairi zote uwe kama ilivyoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Gari iwe na mzigo wake wa kawaida, kama kila siku unatembea na boksi la spana nyuma, liache. Tanki liwe na mafuta angalau nusu. Mtu mwenye uzito kama wako akae kiti cha dereva, au wewe mwenyewe ukae na mwenzio ndo azungushe skrubu, hii ni bora zaidi. Kama una kile kiroda kidogo kwenye dashibodi chenye alama ya taa na namba, 0 mpaka 5 kwenye gari nyingi za Japani, kiweke 0. Kisha bonyeza bodi ya mbele na ya nyuma mara kadhaa ili springi zitulie.

Kama shokapu zimekufa au springi ya nyuma imelala, pua ya gari inakuwa juu. Tengeneza hiyo kwanza. Na waliofunga spesa kunyanyua gari ili ipite mashimo, wengi hawarudi kuseti taa baada ya hapo, matokeo yake gari iko juu na taa zinaangalia mawinguni. Gari ikishanyanyuliwa, seti taa, sio hiari.

Tafuta ukuta na sehemu iliyonyooka

Hapa usifanye haraka maana sehemu ikiwa na mteremko kidogo tu kazi yote inaharibika. Uwanja wa sheli unaonekana umenyooka lakini mara nyingi una mteremko wa kutiririsha maji, sio mahali pazuri. Ukuta wa godauni, wa shule, au wa nyumbani kama mbele yake kuna zege, ni sawa.

Kujua kama pamenyooka tumia mpira wa maji, wajenzi wote wanaujua. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze maji bila mapovu, mmoja ashike ncha moja usawa wa ekseli ya mbele, mwingine ukutani, maji yanajipanga yenyewe. Pima urefu kutoka chini mpaka kwenye maji pande zote mbili, zikilingana pamenyooka. Linganisha hivyo hivyo na ekseli ya nyuma. Na hata kama hapajanyooka kabisa unaweza kuutumia mpira huo huo kuhamishia kimo cha taa ukutani moja kwa moja badala ya kupima kutoka chini, ila hiyo ni kama tairi zote nne ziko kwenye mteremko mmoja ulio sawa, na unajua kuufidia ukutani, ukiwa mgeni wa kazi hii bora utafute pengine.

Chora ukutani

Sogeza gari iguse karibu na ukuta, ikiwa imenyooka, sio upande. Angalia katikati ya taa, taa nyingi zina kidoti au alama ndogo kwenye kioo mbele ya balbu. Weka alama ukutani kwa chaki usawa wa katikati ya kila taa. Weka na alama ya katikati ya gari, tumia nembo ya mbele au katikati ya kioo.

Rudi nyuma, unyooke, mpaka kutoka kioo cha taa hadi ukutani iwe mita 5. Pima pande zote mbili, taa ya kushoto na ya kulia, zikitofautiana gari imekaa upande, rudia.

Sasa weka tepu. Mstari mmoja wa kulala kwenye kimo cha taa. Mistari miwili ya kusimama, mmoja kwa kila taa, inapita pale ulipoweka alama. Halafu mstari wa pili wa kulala, chini ya ule wa kwanza kwa sentimita 5. Huu wa chini ndo mstari wako wa kazi, maana mita 5 kwa asilimia 1 ni sentimita 5. Ukipata nafasi ya mita 10, shusha sentimita 10, ni nzuri zaidi maana kosa dogo linaonekana.

Taa nyingi zina stika au maandishi yamechapwa kwenye plastiki ya juu, yenye mchoro wa taa na namba kama 1.0% au 1.2%. Ukiikuta fuata hiyo badala ya yangu. Gari ndefu kwenda juu, taa ziko sentimita 85 au 90, mimi napendelea asilimia 1.2 mpaka 1.5, maana taa ya juu hivyo ni rahisi zaidi kumsumbua mwenye gari ndogo aliye mbele yako.

Washa na usome umbo la mwanga

Kuwe na giza. Injini iwe inawaka ili volti ziwe kamili, na kwasababu hiyo usifanyie ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wa gari unaua. Washa dimu. Funika taa moja kwa boksi au blanketi, lisikae muda mrefu maana taa inachemka.

Kwa gari za kuendesha kushoto kama zetu Tanzania, Kenya na Uganda, utaona mwanga una mstari juu yake, chini kweupe, juu giza. Upande wa kulia mstari umelala, upande wa kushoto unapanda kwa mshazari. Hivyo imetengenezwa makusudi, kulia ndo anakuja mwenzio kwahiyo mwanga umekatwa, kushoto ndo kuna watu, baiskeli, mbuzi na vibao, kwahiyo mwanga umeruhusiwa kupanda.

Unachotaka ni hivi: ile sehemu iliyolala ikae pale pale kwenye tepu ya chini, na ile kona ambayo mstari unaanza kupanda iwe kwenye tepu ya kusimama ya taa hiyo. Basi. Kona ikihamia kulia unammulika anayekuja, ikihamia kushoto sana unaangazia mtaro na katikati ya barabara panabaki giza.

Zungusha skrubu

Kila taa kawaida ina skrubu mbili nyuma yake, moja ya juu-chini na moja ya kushoto-kulia. Gari nyingine zina moja tu ya juu-chini. Kwenye Toyota nyingi utaona tundu au mfereji mdogo juu ya taa unapoingiza bisibisi ya nyota, inakamata meno ya kigia cha plastiki na kukizungusha, nyingine zina kichwa cha spana namba 8 au 10. Usichanganye na bolti zinazofunga taa kwenye bodi.

Kama hujui ipi ni ipi, zungusha nusu mzunguko huku mwenzio anaangalia ukutani, atakwambia imeenda wapi. Rudisha, jaribu nyingine. Zungusha taratibu, hizi ni plastiki zimekaushwa na joto la injini miaka mingi, ukilazimisha zinakatika. Pulizia dawa ya kulegeza kutu kama imekaza, subiri. Ukiona skrubu inazunguka na mwanga hausogei, ile nati ya plastiki ndani imelika, na hapo dawa ni kubadilisha nati au taa. Kuna mafundi wanakaza kwa kuweka kipande cha raba au kijiti, usikubali, itahama njiani.

Anza na juu-chini, kisha kushoto-kulia, kisha rudi tena juu-chini maana moja ikisogea inaivuta na nyingine kidogo. Maliza taa moja, ifunike, fungua ya pili. Uwe makini na sentimita: kwa taa yenye kimo cha 65, ukikosea sentimita 1 kwenda chini pale ukutani, mwanga barabarani unatoka mita 65 unakuja 54. Sentimita moja ya ukutani imekula mita 11 za barabara.

Ukimaliza fungua zote mbili uangalie zimelingana, kisha piga fulu. Kwenye H4 fulu inafuata dimu yenyewe maana ziko kwenye kibakuli kimoja, dimu ikiwa sawa fulu itakuwa sawa. Gari zenye taa ya fulu ya peke yake wakati mwingine zina skrubu yake, hapo katikati ya doa la mwanga liweke kwenye kimo cha taa au chini yake kidogo.

Gari zenye taa za ksenoni zina volti zaidi ya 20,000 wakati wa kuwaka, usifungue kitu chochote nyuma ya balbu wakati swichi iko on, kuzungusha skrubu kwa nje ni salama. Nyingi zinajiseti zenyewe kwa kutumia kifimbo kidogo kilichofungwa kwenye arm ya nyuma (mkono wa bati unaoshika tairi chini ya gari), kikivunjika kwenye mashimo au kikifungwa vibaya baada ya kubadilisha shokapu, taa zote mbili zinashuka au zinapanda kwa pamoja. Ukiona hivyo usianze kuzungusha skrubu, lala chini ya gari ukakiangalie.

Kajaribu barabarani

Tafuta barabara yenye giza na iliyonyooka. Kwenye dimu unatakiwa uone lami mbali, ukingo wa kushoto uonekane mbali zaidi kuliko kulia, na vibao vya kushoto viwake. Mwombe mwenzio mwenye gari ndogo akae mbele yako umbali wa urefu wa gari kadhaa, mstari wa mwanga wako unatakiwa uishie kwenye buti lake, chini ya kioo cha nyuma. Ukimulika kioo, shusha kidogo. Na kama wanaokuja wanakupiga fulu mmoja baada ya mwingine wakati wewe uko dimu, waamini, rudi ukutani.

Ukipakia abiria nyuma au mzigo, pua inapanda na taa zinapanda nayo. Kile kiroda cha dashibodi kipo kwa kazi hiyo, abiria watano na mizigo sogeza 1 au 2, mzigo mzito nyuma sogeza zaidi mpaka mwanga urudi chini. Kama hakifanyi kazi, mota ndogo iliyo nyuma ya taa imekufa au waya imechomoka, inafaa kutengenezwa hasa kwa wenye Noah, Hiace na pikapu.

Kuhusu LED na zile baa za juu ya bampa

H4 ya kawaida ndani yake ina kikofia kidogo cha bati chini ya uzi wa dimu (ule waya mwembamba unaowaka), hicho ndo kinachokata mwanga usipande. Kibakuli cha taa kimechongwa kikitegemea uzi uko pale pale kwa milimita. LED ikiwa chipu zake zimekaa mbele au nyuma kidogo, au ni nene, mwanga unatoka hauna mstari, unamwagika. Karibu na gari utaona peupe sana, hiyo ndo inayowadanganya watu, maana macho yakizoea weupe wa mita 15 za mwanzo yanashindwa kuona giza la mita 60. Kama ni lazima ufunge, ifunge kisha nenda ukutani usiku huo huo, usipouona mstari safi wenye kona, itoe. Ukiuona, seti upya.

Baa na spoti ni za kusaidia fulu. Zifungwe na swichi inayozima pamoja na fulu, ili ukishusha dimu na zenyewe zizime. Kumpigia mwenzio baa ya LED kwenye barabara ya Mikumi ambako anatakiwa aangalie na wanyama wanaovuka, mimi naona ni kumtakia mabaya.

Kwa wenye gari za nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara na wanaovuka mpaka

Gari ya usukani wa kushoto iliyoletwa kutoka Dubai au Ulaya taa zake zinapanda kulia. Ukija nayo Tanzania au Kenya ule mshazari unaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja, na skrubu haziwezi kugeuza hilo, inabidi ununue taa za upande wetu. Kwa ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo wanaoendesha kulia ni kinyume chake, gari ya Japani inayotembea Goma au Bujumbura na taa zake za asili inawamulika wanaokuja kila siku, dawa ya kudumu ni hiyo hiyo, taa za upande wenu.

Kama ni safari tu, umevuka Rusumo au Kabanga unarudi wiki ijayo, bandika tepu nyeusi kwenye kioo cha taa. Kujua wapi, simama mbele ya ukuta na dimu imewaka, tembeza kidole au kipande cha karatasi juu ya kioo cha taa mpaka ule mshazari wa kushoto utoweke, hapo ndo pa kubandika. Ibandue ukirudi upande wetu. Kwa taa za projekta zenye kioo cha duara kama jicho njia hii mara nyingi haifanyi kazi, zishushe tu kwa kiroda cha dashibodi na upunguze mwendo.

Kioo cha mbele nacho ukisafishe kwa ndani, ule ukungu wa mafuta unaotoka kwenye plastiki za dashibodi mchana hauuoni, usiku kila taa inayokuja inatawanyika juu yake. Sabuni ya vyombo kidogo na maji, kisha gazeti au kitambaa kikavu.

Ukuta wa nyumbani ukishaupata usifute alama, zipige rangi ndogo ukutani na chini pale tairi za mbele ziliposimama. Kila ukibadilisha balbu, shokapu, springi, au bampa likiguswa, unaingiza gari pale pale, unawasha dimu na unaona kama mstari uko pale pale kwenye rangi.